Mtoto Aanze na Lipi?



Ndugu msomaji, leo nataka nikutoe kidogo katika pwani yetu, nikupeleke mkoa wa Mara, ukingoni mwa ziwa, katika nchi ya Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wakurya na Wajaluo. Usiseme, "Sheikh, mambo ya huko bara yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Binti zetu wameolewa huko, vijana wetu wana maduka huko, na jambo kubwa la elimu ya watoto wa nchi nzima liliamuliwa huko. Huenda wewe mwenyewe, au mwanao, uliingia darasa la kwanza kwa sababu ya uamuzi huo, wala hukujua ulikotoka.

Mwaka jana, baada ya Idi el-Fitri, nilitoka Tanga nikaenda Bunda kumtazama binti yangu. Mume wake ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi ya mabasi. Ni kijana mwenye adabu na mchapakazi, wala sina la kumlaumu. Wana mtoto wa kike wa miaka minane, naye wamempeleka katika shule ndogo ya binafsi: vyumba sita vya matofali, bati jipya, uwanja wa kokoto, na gari dogo la manjano lipitalo mitaani kukusanya watoto kabla jua halijachomoza. Karo ya muhula mmoja inapita ninayoyapata mimi chuoni kwa mwaka mzima. Sisemi haya kwa wivu. Nasema ili ujue kwamba wazazi hawa wanajinyima.

Siku moja nikaenda kumchukua mtoto mwenyewe. Mwalimu mkuu, mtu mpole, akanikaribisha ofisini nisubiri. Ukutani ilibandikwa ratiba ya darasa la pili, nami, kwa kuwa kazi yangu ni kusomesha, nikaisoma yote. Kiingereza vipindi viwili kila siku. Hesabu kila siku. Sayansi, kompyuta, michoro. Kiswahili vipindi vitatu kwa juma zima. Dini kipindi kimoja, Ijumaa. Vyote hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, hata hicho Kiswahili chenyewe. Nje, chini ya mti, alisimama mtoto mmoja amevikwa kibao shingoni kwa kamba ya katani. Nikadhani ni mchezo. Kumbe alisikiwa akisema Kiswahili wakati wa mapumziko, na kibao kile atakivaa mpaka amsikie mwenzake akikosa kama yeye, amvike.

Jioni, baada ya Magharibi, mjukuu wangu akanisomea kitabu chake. Alisoma ukurasa mzima, khabari ya mkulima na ng'ombe wake, mbio kama maji ya mfereji. Baba yake alikuwa akitabasamu. Mimi Kiingereza changu ni kidogo, lakini ukurasa ule niliufahamu. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, ng'ombe huyu alipatwa na nini?" Akanitazama. Kisha akausoma ukurasa tena, mbio zaidi kuliko mara ya kwanza. Nikamwuliza tena. Akanyamaza, macho yakamlenga machozi, nami nikaona haya kwa kumtia mtoto katika hali ile mbele ya wazazi wake.

Nitarudi kwa mtoto huyu. Usiku ule sikulala upesi, nikawa nawaza: mtoto anapokaa mbele ya mwalimu kwa mara ya kwanza katika umri wake, aanze na lipi? Na nani aliyeamua hivyo kabla yetu? Basi kwa kuwa nilikuwa na siku kadhaa, na mkwe wangu alinipa kijana wa kunipeleka, nikaenda kutazama mahali penyewe ambapo jambo hili liliamuliwa mara mbili.

Ukitoka Bunda kuelekea mashariki unafika Nyamuswa, nchi ya Waikizu. Hapa palikuwa na mtemi aliyeitwa Mohamed Makongoro. Litazame jina lake, ndugu msomaji, utaona kwamba Uislamu ulikuwa umekwisha kufika huko, tena nyumbani kwa watawala, siku ambazo sisi wa pwani twadhani bara nzima ilikuwa haijasikia adhana. Mtemi huyu alikuwa rafiki ya Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyekaa Butiama, wala si mbali. Wazee walikuwa wakitembeleana na kucheza bao. Masimulizi ya huko yanasema kwamba Mtemi Makongoro alikuwa bingwa wa mchezo huo, na siku moja akacheza na mtoto mmoja wa mwenzake, kijana mwembamba jina lake Kambarage, na mtoto akamfunga mzee. Mtemi Makongoro hakukasirika. Alimgeukia baba mtu akamwambia kwamba mtoto mwenye akili kama hizi asiachwe kuchunga mbuzi, apelekwe shule.

Mimi khabari hii hunifurahisha sana. Mtoto hajui hata herufi moja, hajashika kalamu, lakini mtu mzima ameitambua akili yake katika mashimo ya bao: kuhesabu kete, kutazama mbele, kukumbuka. Hakupimwa kwa lugha ya kigeni. Alipimwa kwa kitu anachokijua.

Basi mwaka 1934 Kambarage, umri wake miaka 12, akapelekwa Musoma, katika shule ya Mwisenge, zaidi ya kilomita 40 kutoka kwao. Ilikuwa shule ya bweni ya serikali za wenyeji, na watoto wa watemi ndio waliotakiwa kwanza. Wasichana hawakuhesabiwa. Shule yenyewe ipo mpaka leo, nami nikafika. Nikasimama uwanjani, watoto wengi mno, kelele za mapumziko, na zote ni za Kiswahili.

Walisomeshwa nini mle? Ili tulijue hilo yatupasa kurudi nyuma kidogo. Wajerumani walipoitwaa Tanganyika waliwakuta wazee wetu wa pwani wanajua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo walizisoma vyuoni. Kwa hiyo walipotaka makarani na maakida walianza na watu hao, na shule yao ya serikali ya kwanza waliifungua hapa kwetu Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Lakini herufi walizibadilisha wakaweka za Kizungu, na mzee aliyeandika barua kwa mkono mzuri tangu utotoni akaamka siku moja akaitwa asiyejua kusoma. Hilo ni jeraha ambalo pwani haijalisahau, na ndilo lililowafanya wazee wengi wazishuku shule. Lina khabari yake, na leo si siku yake.

Waingereza walipokuja, mwaka 1924 ilipita katika nchi hizi tume ya Wamarekani iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes. Ikasema kwamba mtoto wa Kiafrika afundishwe mambo yanayofanana na maisha yake: kilimo, usafi, kazi za mikono, mambo ya nyumbani. Mwaka 1925 wakakutana wakuu wa elimu Dar es Salaam, na shule za chini zikafuata Kiswahili. Mwaka 1928 huko Mombasa wakakubaliana kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kiwe kipimo. Kwa hiyo ratiba ya shule kama Mwisenge ilikuwa fupi: kusoma, kuandika, hesabu, jiografia ya nchi yao, afya, shamba la shule na kazi za mikono. Na yote yakisomeshwa kwa Kiswahili.

Usidhani, msomaji wangu, kwamba nayasifu ya mkoloni. Shule zile zilikuwa chache kama nywele za kipara. Nyingi ziliishia darasa la nne. Hilo shamba la shule, ambalo kwenye karatasi ni somo, mara nyingi lilikuwa kibarua cha bure, na watoto walijua. Tena waliotaka tufundishwe "yanayofanana na maisha yetu" wengine wao walikusudia tusiyavuke maisha hayo. Mtu akikwambia jembe ni somo lako, na kitabu ni somo la mwanawe, huyo hakukupa elimu, amekupangia kazi.

Lakini pamoja na ubaya huo, jambo moja lilikuwamo ambalo silioni katika ratiba ile ya Bunda. Mambo yalikuwa machache, na mtoto aliyafahamu.

Hapa msomaji mwerevu atanikamata. Atasema: Kambarage alikuwa Mzanaki, Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, basi naye alifundishwa kwa lugha ya kigeni kama mjukuu wako. Ni kweli. Sisi wa pwani husahau kwamba Kiswahili, ambacho kwetu ni maziwa ya mama, kwa wenzetu wengi ni lugha waliyokwenda kuichukua. Mtoto wa Butiama alijifunza Kiswahili Mwisenge. Lakini Kizanaki na Kiswahili ni jamaa mmoja, kama watoto wa mama wadogo. Na Kiswahili kilikuwa nje ya darasa pia: sokoni, dukani, bwenini kwa watoto wa makabila mengine. Mtoto wa Kijaluo kazi yake ilikuwa nzito zaidi, maana lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa, lakini naye alikisikia kila siku kikisemwa na watu wanaouza na kununua, wanaogombana na kupatana. Je, Bunda leo Kiingereza kinasemwa wapi? Nilikaa siku kumi. Nilikisikia shuleni, na kwa watalii waliosimama kununua maji wakienda Serengeti.

Kambarage aliimaliza Mwisenge kwa miaka mitatu badala ya minne, na mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora. Yaliyobaki wayajua: ubatizo wa mwaka 1943 uliomwita Julius, Makerere, ualimu, Edinburgh alikotoka na shahada mwaka 1952, kisha siasa. Mtoto huyu aliyeanza kwa Kiswahili hakukosa Kiingereza. Alikipata mpaka akatafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akavirudisha katika lugha aliyojifunzia kusoma.

Hoja hii niliipeleka kwa mkwe wangu usiku, nikijiona nimeshika upanga. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, huyo ni mmoja. Waliosoma naye Mwisenge wakabaki na jembe ni wangapi?" Sikuwa na la kujibu. Nanyi nawaambieni kama ilivyokuwa, maana haifai mtu aandike magazetini ushindi ambao nyumbani hakuupata.

Sasa tuje kwenye mara ya pili.

Mwezi Machi mwaka 1967, baada tu ya Azimio la Arusha, Rais Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alisema kwamba shule ya msingi isiwe ngazi ya kupandia kwenda sekondari, kwa kuwa watoto wengi hawatakwenda huko. Iwe ni elimu iliyotimia yenyewe, mtoto akitoka awe anaweza kuishi. Kiswahili kikawa lugha ya kusomeshea madarasa yote saba. Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1968, hapa Tanga, asubuhi shule na jioni chuoni. Nakumbuka shamba la mihogo la shule, nakumbuka mabanda ya kuku, na nakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiwaiba mayai. Mwenyezi Mungu atusamehe. Nakumbuka pia mtihani wa darasa la nne. Ulikuwa kama wembe. Katika mtaa wetu watoto waliokaa pamoja kwenye jamvi moja la chuo waligawanyika siku moja: huyu anaendelea, huyu amekwisha, na aliyekwisha ana miaka 11. Mtihani huo uliondolewa baadaye kidogo, lakini kwao ilikuwa imepita.

Mwezi Novemba mwaka 1974, mwaka niliomaliza darasa la saba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Ni mji ule ule wa Mwisenge. Mtoto wa mwaka 1934 amerudi, miaka 40 imepita, naye sasa ndiye mwenyekiti. Mpango uliokuwako ulikuwa kwamba watoto wote wa nchi wawe wameingia shule kufikia mwaka 1989. Azimio la Musoma likasema: hatungoji, iwe kufikia mwaka 1977. Miaka mitatu! Wakati huo watoto walioko shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya kumpeleka mtoto shule kuwa lazima, wa kike na wa kiume.

Fikiri ni kazi gani hiyo. Madarasa yalijengwa na wanakijiji kwa udongo na fito. Watoto walisoma kwa zamu, asubuhi hawa na mchana hawa, na waliokosa chumba walisomea chini ya mwembe. Walimu je? Walitoka wapi? Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa vijijini huku wakisomesha, wakisoma kwa barua na kwa redio. Walikuwa makumi ya maelfu. Rafiki yangu mmoja tuliyemaliza pamoja alichukuliwa, na ndevu hazijaota vizuri, akaenda kusimama mbele ya watoto 90. Watu hawakosi mzaha: mpango wenyewe uliitwa kwa herufi tatu za Kiingereza, UPE, nao wakazifasiri "Ualimu Pasipo Elimu". Nami nilicheka. Sasa sicheki sana. Rafiki yangu yule alisomesha miaka 33. Mitaani kwetu wako mabibi wanaosoma majina ya dawa wanazopewa hospitali, wakaandika hesabu za vikoba vyao, waliofundishwa na yeye. Mama zao hawakuweza.

Kabla ya hapo, tangu mwaka 1968, mikoa ya ziwa, Mara ikiwamo, ilikuwa na mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vya kwanza vilifuata kazi ya mtu: mkulima wa pamba alianza kusoma kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya uvuvi, mwenye ng'ombe kwa maneno ya ng'ombe. Mtu mzima mwenye mikono migumu hakuanza na herufi zisizo na maana. Alianza na kitu alichokwisha kukijua, akaonyeshwa sura yake katika karatasi. Naona waliobuni jambo hili walifahamu lile lile alilolifahamu Mtemi Makongoro mbele ya bao.

Na baada ya hapo? Miaka ya 1980 nchi iliishiwa. Vitabu hakuna, chaki hakuna, mshahara wa mwalimu haununui sukari. Mtoto akamaliza darasa la saba hajui kuandika barua. Wazazi waliona, wala wazazi si wajinga. Zamani, mwaka 1969, serikali ilizitwaa shule za misheni na nyinginezo zilizokuwa zikipata msaada wake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikafungua tena mlango wa watu binafsi, na hapo ndipo shule ndogo kama ile ya Bunda zilipoanza kuota, mijini kwanza, kisha kila penye stendi na soko. Vyumba sita na gari la manjano. Zinauza kitu gani? Zinauza Kiingereza. Na mnunuzi ana sababu: darasa la saba likiisha kwa Kiswahili, sekondari inamngoja kwa Kiingereza, ghafla, kama mtu aliyekuwa akitembea nchi kavu akatumbukia majini. "Baba," mkwe wangu aliniambia, "mimi nilitumbukia. Kidato cha kwanza nilikaa mwaka mzima nikinakili ubaoni nisichokielewa. Sitaki binti yangu apitie hayo."

Nikamwambia, "Mwanangu, mbona anayapitia sasa, naye ana miaka minane?"

Akanyamaza. Lakini hakuwa amekosea yeye peke yake, na wala hakuwa amekosea kabisa. Lile pengo kati ya msingi na sekondari yeye hakulichimba. Serikali nayo imeliona tatizo la chini: mwaka 1985 tusingelidhani kwamba ingebidi, lakini mwaka 2015 ulitolewa mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliopunguza masomo na kurudi kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK kama wanavyoziita. Machache, na mtoto ayafahamu. Ni kama Mwisenge iliyofunguliwa mlango kwa wote, na wasichana pia.

Sasa, ndugu msomaji, nimefika mahali pagumu.

Siku moja kabla ya kuondoka, baada ya Alasiri, nilikaa barazani na mjukuu wangu. Nilitaka kumfuta ile haya ya siku ya kwanza. Nikamwambia anisomee sura yoyote. Akanisomea Suratul Maun. Wallahi alisoma vizuri! Herufi zinatoka mahali pake, madda zimekaa, ghunna imekaa. Mimi ndiye niliyemfundisha, likizo ya mwaka uliotangulia, Tanga, kwa siku nne tu, nami nilijivuna kwa hilo mbele ya walimu wenzangu. Kifua kikanijaa. Na kwa sababu mdomo una mazoea yake, nikamwuliza, "Mjukuu wangu, hapa pamesemwa nini?"

Akanitazama. Kisha akaanza kuisoma tena, mbio zaidi.

Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Ni macho yale yale. Ni kunyamaza kule kule. Nimetoka Tanga mpaka ziwani, nimemhukumu mwalimu mkuu wa watu, nimemhukumu mkwe wangu, nimekihukumu kibao cha watu chini ya mti, na mimi nimesomesha chuoni zaidi ya miaka 40 nikiwapokea watoto kwa alifu na kuwatoa kwa khitima, wakihifadhi wasichokijua, na aliyekosea irabu nikimchapa.

Najua mtakalosema, maana ndilo nililojiambia. Qur'ani si kitabu cha ng'ombe na mkulima. Kuisoma tu ni ibada, na thawabu yake iko kwa kila herufi, hata kwa asiyejua maana. Hayo ni kweli, na sikatai, wala sitaki mtu aondoke hapa akisema sheikh fulani amedharau kuhifadhi. Lakini je, ni nani aliyetuambia tuishie hapo? Sheikh Abdulla Saleh Farsy alipotoa tafsiri yake kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969, alitaka hasa mtu wetu asome katika lugha anayoota nayo ndoto. Kitabu hicho kimo katika nyumba zetu nyingi, juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa. Chuoni hatukukishusha. Na wako wenzetu walioonyesha njia kwa watoto wadogo: Mombasa, mtaa wa Liwatoni, mwaka 1986, Bi Swafiya Said alianza shule ya chekechea ndani ya mazingira ya madrasa, kwa msaada wa mfuko wa Aga Khan, watoto wakisoma dini yao na wakijifunza kuhesabu kwa vifuu na makopo na mbegu, kwa lugha yao, na jambo hilo likaenea Unguja na Uganda. Nilisikia khabari zake wakati ule. Nilisema, "Hayo ni michezo."

Basi barazani pale Bunda nikamwambia mtoto, "Njoo karibu." Nikamweleza kwamba wafasiri wengi wamesema al-maun ni vile vitu vidogo vya nyumbani ambavyo majirani huazimana: chungu, ndoo, shoka. Na kwamba sura hii yamlaumu mtu anayesali watu wamwone, na jirani akija kuazima kitu kidogo humnyima. Akafikiri. Akaniuliza, "Na chumvi, Babu?" Nikamwambia na chumvi. "Na chaja ya simu?" Hapo nikasita kidogo, maana wafasiri hawakuitaja. Nikamwambia na chaja.

Asubuhi nikifunga mzigo wangu, jirani, mama mmoja wa Kizanaki, alipiga hodi akitaka ungo. Binti yangu alikuwa uani anafua. Mtoto alikuwa amekwisha kuvaa sare, gari la manjano lapiga honi nje, naye akakimbia jikoni, akautoa ungo, akampa yule mama kwa mikono miwili. Alipopita mlangoni akanivuta kanzu, akaninong'oneza, "Babu, ile."

Mkwe wangu bado analipa karo. Lakini ameniambia kwa simu kwamba kila jioni humtaka mtoto amweleze kwa Kiswahili alichokisoma kwa Kiingereza, na kwamba alikwenda kumwona mwalimu mkuu juu ya kile kibao, yeye na wazazi wengine watatu. Kibao kimeondolewa. Vipindi vya Kiswahili vimebaki vitatu.

Nami niliporudi Tanga nilipunguza hifadhi ya jioni kwa nusu, na nusu nyingine tunasoma maana, kwa Kiswahili, kitabu cha Sheikh Farsy kikiwa mezani. Wazazi wawili wamekwisha kuwaondoa watoto wao. Wanasema chuo cha mtaa wa pili kinamaliza Juzuu Amma kabla ya Ramadhani, na changu mwaka huu hakitamaliza.